African Queen: mto mzima, watu wawili

Kila kundi la WhatsApp lina mtu wake wa picha za zamani. Wa kwetu ametuma picha ya Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, ikiwa bandarini Kigoma, na chini yake: "Meli yetu iliyocheza Hollywood!" Akaambatanisha orodha ya filamu 100 bora za Marekani, African Queen ikiwa ya 17. Makofi yakamiminika. Shemeji yangu mmoja akaandika kwamba ndiyo maana wanatuonea wivu. Nikaweka simu chini kabla sijavunja udugu.

Liemba haikucheza filamu hiyo. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alipiga picha zake kwenye mto Ruiki huko Kongo, kisha Uganda, pande za Butiaba na maporomoko ya Murchison. Sehemu ambazo waigizaji wakuu, Bogart na Hepburn, wanaingia majini zilipigwa studio, London. Liemba muda huo ilikuwa kazini Ziwa Tanganyika, ikibeba abiria na magunia. Na hiyo orodha ni ya 1998. AFI, taasisi ya filamu ya Marekani, haohao walioitoa, walipoipanga upya mwaka 2007 waliishusha African Queen hadi nafasi ya 65. Hiyo haikutumwa kundini.

Mimi nasema hata hiyo 65 ni huruma.

Hadithi yenyewe: ni Vita ya Kwanza ya Dunia, na Charlie, mwenye boti iitwayo African Queen, anateremka mto na Rose, dada wa mmisionari, kwenda kuilipua meli ya vita ya Wajerumani ziwani. Nakiri, kwa shingo upande, kwamba ndani ya ile boti filamu ni tamu. Humphrey Bogart, yaani Charlie, tumbo linamnguruma mezani mbele ya wamisionari wanaojitia hawasikii. Katharine Hepburn, yaani Rose, anazimwaga chupa za pombe kali mtoni moja baada ya nyingine bila kupepesa jicho, huku mwenye pombe roho inamtoka. Bogart alipata Oscar yake pekee kwa kazi hii, na ugomvi na hilo sina. Mapenzi ya watu wazima, wachafu, waliochoka, Hollywood haikuwa nayo mengi. Rangi za mpiga picha Jack Cardiff nazo, haya, nzuri.

Sasa shuka botini, uangalie nchi kavu.

Filamu inaanza Septemba 1914, Afrika Mashariki ya Wajerumani, kanisani. Wanakijiji wanaimba wimbo wa ibada, na uimbaji wenyewe umetengenezwa uwe kichekesho: vurugu tupu, Rose anakanyaga kinanda, kaka yake anapaza sauti awashinde. Aliyewahi kukaa mbele ya kwaya ya kanisa la kijijini, iwe Bukoba iwe Njombe, anajua anadanganywa. Kisha Charlie anatupa kipande cha sigara na watu wanakirukia kukigombania. Kisha Wajerumani wanachoma kijiji, wanawaswaga wenyeji, na basi. Hatuwaoni tena. Muda wote uliobaki tunateremka mto mrefu wa Afrika Mashariki usio na mvuvi, usio na mtumbwi, usio na mama aliyekuja kuchota maji. Viboko wapo. Mamba wapo. Ruba wapo, tena wamepewa muda wa kutosha. Binadamu tunaowapata njiani ni askari wa ngome ya Wajerumani ya Shona, na kazi yao ni kukosa shabaha.

Najua jibu lenu: ndivyo sinema za enzi zile zilivyokuwa. Sawa, na walioipa nafasi ya 17 mwaka 1998 walikuwa wa enzi gani?

Lakini tuache adabu, tuseme ufundi. Chombo kinachopita katikati ya nchi yenye vita kinapaswa kuogopa kila kona. Nani atatuficha? Nani atatuuza kwa Mjerumani kwa debe la chumvi? Nani anaijua njia ya kutokea kwenye matete? Hadithi ya safari huishi kwa watu inaokutana nao, na Huston amewafuta wote. Kwa hiyo hatari inabidi zije zenyewe, kwa zamu, kama wagonjwa kwenye foleni ya zahanati: maporomoko, mbu, propela, ruba, matete. Na hapo kwenye matete, penye uzito kuliko pote, wamekwama, wamekata tamaa, Rose anasali, mvua inanyesha, maji yanapanda, boti inaelea. Mwandishi alipokwama, Mungu akamwandikia. Angekuwepo mwenyeji mmoja tu mwenye mtumbwi na sababu zake mwenyewe, pale pangekuwa na tamthilia.

Jiografia sitaigusa. (Mto wa kwenye filamu unaitwa Ulanga. Ulanga halisi uko Morogoro, unaingia Rufiji na kuishia Bahari ya Hindi, si ziwani. Haya, nimeigusa.)

Kinachouma ni kwamba vita yenyewe ilikuwa sinema kuliko hii. Mwaka 1915 Waingereza walizipakia boti mbili za kivita, zilizoitwa Mimi na Toutou, kwenye treni Cape Town. Kongo zikavutwa kupita milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya Waafrika waliofyeka njia na kujenga madaraja, hadi Ziwa Tanganyika. Februari 1916 mojawapo, ile iitwayo Mimi, ikashiriki kuizamisha meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann. Na Goetzen, meli nyingine ya Wajerumani ziwani humo, ambayo ndiyo Liemba, haikulipuliwa na wapenzi wawili waliotoka kufungishwa ndoa wakiwa na vitanzi shingoni. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, mitambo wameipaka grisi, na baada ya vita ikaopolewa, ikarudi kazini 1927. Hata C. S. Forester, mwenye riwaya ya 1935 iliyozaa filamu hii, hakuwapa wapenzi wake ushindi ule. Kwake boti inazama katika dhoruba na jeshi la majini linamaliza kazi. Huston akataka muujiza wa pili.

"Si filamu ya historia, ni ya mapenzi." Basi ipangwe na za mapenzi, huko itapata nafasi nzuri tu. Katika vita ile wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, wakiwabebea wakubwa wa pande zote mbili. Mtu akasafiri hadi Kongo kupiga filamu ya vita hiyohiyo, akajengewa kambi na wenyeji, akaelekeza kamera mtoni, akaona mto mtupu. Mimi siwezi kumwita huyo, katika kazi hii, bingwa wa kutazama.

Mkinilazimisha nipange mimi, naipa ya 100, na hapo nimekuwa mkarimu kwa ajili ya tumbo la Bogart.