Agizo Lilikuwepo, Nyumba Zikaanguka

Septemba 2011, wakazi wa kijiji cha Mitumba, kando ya Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi, walisoma ilani gazetini: siku 7, wawe wameondoka. Kwa hesabu yao walikuwa zaidi ya watu 15,000, na wengine walikuwa wameishi hapo karibu miongo miwili. Walikimbilia Mahakama Kuu wakapewa agizo la kuzuia ubomoaji. Novemba, agizo likiwa bado hai, tingatinga likaingia na mabanda yakalazwa chini. Katiba mpya haikuwa imefikisha hata mwaka mmoja na nusu.

Naanzia Mitumba kwa sababu tunapojadili kama sheria za nchi zinalinda haki za binadamu, wengi wetu huishia kwenye maandishi, na kwa maandishi Kenya haina aibu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kwenda kortini kwa niaba ya wengine, na kanuni za mahakama za 2013 zinamruhusu jaji kupokea hata barua ya kawaida au malalamiko ya mdomo. Mama muuza sukumawiki hazuiwi mlangoni kwa kukosa wakili. Mlango huo uko wazi kweli, na waliopigania uwe hivyo walifanya kazi kubwa.

Lakini serikali nayo ina hoja zake, na si za kupuuzwa. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ilisema kijiji kilikuwa kwenye njia ya ndege. Ndege ikianguka juu ya mabanda, hakuna atakayeuliza wenyeji walipewa ilani ya siku ngapi. Isitoshe, ardhi ni ya umma. Kifungu cha 40 cha Katiba hiyohiyo kinasema ulinzi wa mali haumfikii aliyeipata kinyume cha sheria. Ukimpa haki kila aliyejenga pasipo hati, wasema wanaotetea msimamo huu, yule aliyekopa akanunua ploti kihalali umemwambia nini?

Mahakama zenyewe zilivutana. Aprili 2013 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba haki za wakazi zilikuwa zimekiukwa. Aliipa serikali siku 60 ieleze sera zake za makazi, na pande zote siku 90 zikae chini zitafute suluhu. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Kwa maoni yake, jaji akishahukumu kazi yake imekwisha, hawezi kuendelea kuisimamia serikali, na miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu kuhamisha watu si sheria ya Kenya.

Januari 2021 Mahakama ya Juu ikasema neno la mwisho, na kwangu hapa ndipo pana uzito. Haikusema kila maskwota apewe nyumba kesho. Ilikiri kwamba haki ya makao hutimizwa hatua kwa hatua. Iliyakataa pia madai kwamba miongozo ya Umoja wa Mataifa inafunga mikono ya serikali kama sheria, ingawa ilisema majaji wanaweza kuitumia kufafanua Katiba. Ila iliamua kwamba watu wasio na ardhi wakiishi muda mrefu kwenye ardhi ya umma, hupata kinga fulani: hawawezi kufagiliwa kama takataka. Wana haki ya kudai ilani ya kutosha, fidia, au mahali pengine pa kwenda. Na jaji anaruhusiwa kutoa maagizo ya kusimamia utekelezaji.

Nadhani mahakama ilipata njia ya haki. Aliyenunua ploti yake kihalali hapotezi kitu mkazi wa Mitumba akipewa muda wa kufunga virago. Rubani haongezewi hatari watoto wakihamishwa mchana, wakiwa na daftari zao, badala ya kufukuzwa. Serikali ilikuwa na haki ya kuokoa njia ya ndege. Haikuwa na haki ya kuifanya kazi hiyo juu ya agizo la mahakama.

Bunge nalo lilijaribu. Marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016 yaliweka ilani ya miezi 3 kabla ya mtu kufurushwa. Hata hivyo Mei 2020, katikati ya kafyu ya korona, maelfu ya watu walibomolewa nyumba katika mtaa wa Kariobangi, Nairobi, ingawa walikuwa na agizo la korti mkononi. Mafuriko ya 2024 yalipopiga, wakazi wa kando ya mito huko Mathare na Mukuru walipewa muda wa saa, si miezi, kisha wakaahidiwa shilingi 10,000 kila familia. Hapo nikiri kwamba sheria ya miezi 3 haikutungwa kwa ajili ya mto uliovunja kingo usiku. Mtu hutolewa kwanza, mengine yafuate. Tatizo ni kwamba hayo mengine ndiyo hayakufuata inavyostahili: elfu kumi jijini Nairobi ni kodi ya miezi michache ya chumba kimoja cha mabati, na aliyebomolewa bado anahitaji vyombo, godoro na karo.

Kwa hiyo siwaungi mkono wanaosema tuandike haki zaidi, wala wanaosema haki hizi zinaizuia serikali kufanya kazi. Pengo liko katika siku zile kati ya agizo kutolewa na agizo kutiiwa. Korti inapotamka kwamba taasisi ilikosea, fidia hulipwa na mlipa ushuru, huku afisa aliyewasha tingatinga akiendelea na cheo chake. Ningetaka jina lake liwe kwenye kesi tangu siku ya kwanza, na agizo alipokee yeye mwenyewe kwa sahihi.

Mahakama ya Juu iliirudisha kesi ya Mitumba kwa Mahakama Kuu ili iamue wakazi walipwe au wapewe nini. Ilikuwa imepita miaka 9 tangu mabanda yaanguke, na mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ile alikuwa tayari yuko sekondari.