Blanketi la Septemba? Si huku Lubumbashi

Ndugu mwandishi, orodha yako ya vitabu, filamu na vitu vya nyumbani vya Septemba nimeisoma yote. Mablanketi na mishumaa waachie Ulaya, ndiko baridi inaanza. Yetu huku kusini mwa Kongo ilikuwa Juni na Julai. Sasa ni joto, vumbi jekundu, na mijakaranda inachanua. Kwenye filamu ungeweka Augure ya Baloji, mzaliwa wa hapa hapa, iliyopata tuzo kwenye tamasha la filamu la Cannes 2023. Si mpya sana, sawa, ila inazipita nusu ya hizo zako. Na ukutani? Sahani ya shaba ya mafundi wetu: ukiigeuza, mgongoni unaona kila pigo la nyundo. Ikififia, isugue kwa ndimu na chumvi. Vitabu ni ghali, tunaazimana tu.