Tajiri Kafa, Rangi Haijakauka

Mimi ni ukumbi wa maonyesho. Niko Sabbioneta, mji mdogo wa Lombardia, kaskazini mwa Italia, uliozungushiwa ngome. Tajiri yangu alikuwa Duki Vespasiano Gonzaga, mtawala wa mji, na mkosi wangu ulianzia ukutani. Jengo jipya, chokaa mbichi, akaamuru niandikwe nje kwa Kilatini: Roma quanta fuit ipsa ruina docet. Yaani ukuu wa Roma ya kale, magofu yake yenyewe yanaufundisha. Jamani! Mtoto hajatimiza arobaini, mnamsomea hitima?

Fundi wangu aliitwa Vincenzo Scamozzi. Alikuwa ametoka mji wa Vicenza kumalizia ukumbi wa Teatro Olimpico, kazi aliyoiacha msanifu majengo Palladio alipofariki mwaka 1580. Ile ilipachikwa ndani ya jengo kuukuu. Mimi nilisimamishwa kuanzia msingi, 1588 hadi 1590, kwa kazi moja tu: michezo. Ulaya ya zama zile haikuzoea hayo, na najisifu mwenyewe kwa sababu wageni wote wanamsifu wa Vicenza.

Sasa sikiliza hesabu ya jukwaa. Scamozzi alinijengea mtaa wa uongo, nyumba za mbao, kitambaa na plasta, zikapakwa rangi ili zionekane mawe na marumaru. Sakafu inapanda kadiri inavyokwenda nyuma. Nyumba nazo zinapungua kimo, moja baada ya nyingine, na mistari ya mapaa na madirisha yote inakimbilia nukta moja. Kwa hiyo hatua chache za mbao zinageuka barabara ndefu. Ila ujanja huo una sharti: lazima uketi mahali palipopimiwa. Na palipopimiwa ni pa Duki, katikati, mkabala na jukwaa, kwenye roshani ya nguzo za mtindo wa Kikorintho ambayo juu yake zimesimama sanamu za miungu 12 wa Olimpo, wale wa Wagiriki wa kale, kazi ya Bernardino Quadri. Ukikaa pembeni, mtaa unakwenda upogo. Usilalamike, ndio cheo chako hicho.

Mateso mengine ni ya mwigizaji. Mtaa ule ni wa kutazamwa, si wa kutembelewa. Akijisahau akarudi nyuma, nyumba zinafupika, yeye hafupiki. Hatua ya kwanza anachungulia ghorofani. Hatua ya pili, kiwiko kiko juu ya paa. Mchukulie kijana wa mapenzi anayetakiwa alie chini ya dirisha la mchumba, na dirisha lenyewe linamfika kiunoni! Pa kulia, watu wanavunjika mbavu. Hakuna msumari wala gundi ya kutibu hilo. Dawa ni kumweka mtu mbele, ukingoni mwa jukwaa, na kumkataza kurudi.

Basi nikafunguliwa wakati wa sherehe za kanivali, 1590. Februari 1591, Duki akafa. Hakuacha mtoto wa kiume. Mrithi alikuwa binti yake Isabella, aliyeolewa na Carafa, ukoo wa Napoli. Wakubwa waliojaza viti wakatawanyika. Nami hebu nihurumie: mtaa mzima umepimwa kwa jicho moja, na jicho lenyewe limefumba! Kuanzia hapo kila aliyeingia aliona upogo.

Watazamaji waaminifu waliobaki ni wa rangi. Juu ukutani wamechorwa watu na wapiga muziki, wameegemea ukingo wa roshani ya kuchorwa, wanatazama chini. Kiingilio hawalipi, makofi hawapigi, na toka enzi hizo hakuna aliyeomba kwenda msalani.

Mtaa wangu ukabomolewa. Nikafanywa ghala, halafu eti sinema! Mimi niliyepimiwa kina cha kila paa, nikatundikiwa shuka bapa. Mwaka 1996 mtaa ukajengwa upya, kwa kufuata mchoro wa Scamozzi mwenyewe unaotunzwa katika makumbusho ya Uffizi, mjini Firenze. Mwaka 2008 UNESCO ikaiandika Sabbioneta, pamoja na mji wa Mantova, katika urithi wa dunia.

Sasa wageni wamerudi. Anakuja bwana na kamera, anasimama pembeni karibu na ukuta, anakunja uso: "Fundi wa siku hizi kaupindisha mtaa." Hajaupindisha, bwana. Sogea katikati. Rudi nyuma. Nyuma zaidi. Eeh, hapo ungekuwa Duki.