Nne Mbili Mkononi: Kwa Nini Mara Nyingi Nazitupa

Katika poka ya karata saba, ambapo unaanza na mbili zilizofichwa chini na moja wazi, kisha unaongezewa nne moja moja, hakuna kitu kilichonilia chipu, vile vipande vya kuwekea dau, kama jozi ndogo, yaani karata mbili za namba ileile ndogo. Ree mbili hazinipi shida, napandisha dau. Takataka nazitupa. Lakini nne mbili na karata ya pembeni? Hapo ndipo wengi tunapojipalia makaa. Na zinakuja mara kwa mara: karata tatu za kwanza hutoa jozi takriban mara 17 katika kila 100, na zaidi ya nusu ya jozi hizo ni za nane kushuka chini.

Nakumbuka shindano moja nikiwa na chipu 5,200. Kila mtu alitoa 100 za lazima, dau likawa 400 hadi karata ya nne, kisha 800 kuanzia karata ya tano. Nilikuwa na nne na ree chini, na nne nyingine wazi. Mwenye malkia wazi akapandisha hadi 400. Nikamfuata, nikijipa moyo kwa ile ree. Karata ya nne nikapata tisa, nikalipa 400 tena. Karata ya tano ikaja tisa ya pili. Jozi mbili! Nikaweka 800, ya sita nikaweka 800, ya mwisho 800, naye ananifuata kimyakimya. Akafunua malkia mbili na sita mbili. Chipu 3,300 zikaondoka kwa mchezo mmoja.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba kuna mtu alikuwa ameshajitoa kabla yangu akiwa na nne wazi, na ree nyingine ilikuwa mbele ya mchezaji wa upande wa pili. Niliziona zote mbili. Sikuzihesabu.

Hesabu yenyewe iko hivi. Meza ya watu wanane, kila mmoja ana karata moja wazi. Ukichukua zao saba na zako tatu, umeshaona 10, zimebaki 42. Kama nne nyingine zote mbili hazijaonekana, uwezekano wa kuipata ya tatu katika karata zako nne zijazo ni kama 18 katika 100. Ikionekana moja, unashuka chini ya 10. Na hata zikiwa bado zimo zote mbili, kufikia karata ya tano, pale dau linapokuwa maradufu, umeshapewa nafasi mbili tu, nazo pia hazifiki 10 katika 100.

Kwenye meza ya kawaida ya fedha hali hiyo inavumilika. Chipu ni nyingi ukilinganisha na dau, na siku nne ya tatu inapoingia, mwenye malkia atakulipa hadi mwisho. Zikikuishia, unanunua nyingine. Kwenye mashindano dau linapanda kila baada ya muda, na zile 5,200 zangu zilikuwa madau makubwa sita na nusu. Hata kama nne ingekuja, malipo yake yasingefidia mara zote ambazo haiji. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wanaosema jozi yoyote lazima ichezwe. Ushauri huo umetoka kwenye meza za fedha, na huku unaua watu mapema.

Sisemi zitupwe zote. Ninayoipenda ni jozi ndogo iliyofichwa, nne mbili chini na mfalme wazi. Wengine wameshajitoa, wamebaki wawili wenye karata duni: hapo napandisha bila kusita. Mezani kuna 900, yaani 100 za kila mtu na 100 za yule aliyelazimika kufungua kwa kuwa na karata ndogo kuliko zote. Natoa 400 kuzitafuta 900. Wakikimbia mara moja tu kati ya tatu, sijapata hasara. Wao wanamwogopa mfalme, hawajui nimeshika nini. Lakini mtu akinifuata, kisha karata ya nne impe kitu na mimi ninyimwe, naachia hapohapo.

Siku hizi kabla sijainua za kwangu, nazungusha macho mezani na kuzisoma moja moja kimoyomoyo: sita, kumi, malkia, mbili, nne. Nikishaiona hiyo nne, ndipo nafunua zangu.