Lucy alishika mikanda yake

Juzi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, binamu yangu mmoja anayejiita mtayarishaji wa maudhui karusha kipande cha Lucille Ball, yule Lucy mchekeshaji wa Marekani, akifunga chokoleti. Chini kaandika: "Huyu mama bahati tu, kazi yenyewe kukunja sura." Nimeandika jibu mara tatu nikafuta, maana kundi lina wazee. Hasira zangu nazimalizia hapa.

Bahati ipi? Baba yake alikufa kwa homa ya matumbo, mtoto ana miaka 3. Alikwenda New York kusomea uigizaji, walimu wakaona hana kitu, akarudi kwao Jamestown. Tangu 1933 akasota Hollywood kwenye filamu za bei rahisi. I Love Lucy, kichekesho chake cha televisheni, inaanza kurushwa Oktoba 15, 1951, keshatimiza miaka 40, umri ambao waigizaji wa kike huanza kugawiwa nafasi za mama mkwe.

Na hiyo kukunja sura. Kipande hicho hicho nilimwonyesha shangazi, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Ujanani alibangua korosho kiwandani, Mtwara. Basi Lucy na shoga yake Ethel wako kiwandani, chokoleti zinawajia juu ya mkanda, ikipita hata moja haijafungwa karatasi hawana kazi. Zinazidi kuja. Wanabugia, wanajaza kofia, wanaficha kifuani. Nyapara anaingia, haoni iliyowapita, anafurahi, anaamuru mtambo uongezwe kasi. Shangazi hakucheka papo hapo. Alisema, "Ee, mwanangu, manyapara ndivyo walivyo." Halafu ndipo akacheka hadi khanga ikamdondoka. Kipindi cha 1952 hicho, mwenyewe kafa 1989, na mbangua korosho kamwelewa bila mkalimani. Jaribu wewe kukunja sura hivyo tuone.

Lakini linaloniuma zaidi ni jingine. CBS, wenye televisheni, walimtaka Lucy, mumewe Desi Arnaz hawakumtaka. Eti nani ataamini kaolewa na Mcuba? Watu wana miaka 10 kwenye ndoa! Wakazunguka majukwaani na onyesho lao mpaka wakubwa wakalegea. Kisha ukaja mvutano wa pili na CBS. Vipindi vingi vikubwa vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, na upande wa pili wa Marekani ukaambulia picha iliyopigwa kutoka kwenye kioo cha televisheni, ukungu mtupu. Wao wakasema hawahami Hollywood, watapiga kwa mkanda halisi wa filamu, kamera tatu, watazamaji wamekaa palepale. Gharama ikapanda. Wakakubali kukatwa malipo ya kila wiki, kwa sharti moja: mikanda ibaki mali ya kampuni yao, Desilu. CBS wakaridhia. Nani angetaka kutazama kichekesho alichokwisha kukiona?

Dunia nzima, kumbe. Baadaye CBS hao hao wakainunua mikanda hiyo kwa mamilioni ya dola, na mwishoni mwa 1957 Desilu wakachukua studio za RKO, ambako Lucy aliwahi kuwa mwajiriwa wa mkataba. Huku kwetu mchekeshaji akiugua tunapitisha bakuli, na kipindi chake kinarudiwa jioni hiyo hiyo. Binamu, wewe video zako umezisaini kwa nani? Uliusoma ule mkataba?

Haya, nakubali kwa shingo upande: hesabu nyingi za mwanzo alizipiga Desi. Lakini waliachana 1960, na 1962 Lucy akanunua hisa za mtalaka wake akaiendesha studio mwenyewe. Kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kukikalia kiti hicho kwenye studio kubwa ya televisheni. Vipindi vya Star Trek na Mission: Impossible vimetoka chini ya kampuni hiyo. Alipoiuza 1967 ilikuwa dola milioni 17. Bahati, eh?

Sijagusa Januari 19, 1953, siku Lucy wa kwenye kipindi alipojifungua mbele ya watazamaji wapatao milioni 44, na Lucy mwenyewe akazaa kwa upasuaji siku hiyo hiyo. Neno "mjamzito" lilipigwa marufuku hewani, tumbo wanaliona. Mwaka huo huo wakamhoji kuhusu ukomunisti, kisa 1936 alijiandikisha kupiga kura kama mkomunisti kumridhisha babu yake.

Na ndiyo, ile Life with Lucy, kichekesho alichorudi nacho 1986, ilikuwa mbaya. Vipindi vinane vikaonyeshwa, wakazima. Nimetazama kimoja, sirudii.

Shangazi sasa anataka ile ya kukanyaga zabibu, wanapopigana ndani ya pipa. Nimemwambia asubiri umeme urudi. Kila baada ya dakika tano ananiuliza kama umesharudi, na taa tunaziona wote.