Gulio la bustanini: faida ni ya nani?

Joto likianza kurudi, mitaa mingi ya miji ya Ujerumani hujipangia siku moja, aghalabu Jumamosi, ya wakazi kuuza vikorokoro vyao mbele ya nyumba zao wenyewe. Meza hutolewa bustanini, puto hufungwa langoni ili mpita njia ajue anakaribishwa, na wanunuzi huzunguka na ramani ya nyumba zinazoshiriki. München utamaduni huu umekolea hasa. Mitaa kama Haidhausen na Giesing ina siku zake, na huko hata nyua za ndani za majengo ya ghorofa hufunguliwa kwa wageni. Keki haikosi.

Wanaoutetea mtindo huu huanza na gharama, na hapo ni vigumu kuwapinga. Kwenye gulio la kawaida la uwanjani, muuzaji hulipia nafasi kwa mita, huamka usiku kupakia gari, na mvua ikinyesha ada hairudi. Nyumbani hakuna cha kulipia isipokuwa, pengine, mchango mdogo wa ramani na matangazo. Kisichouzika kinarudishwa stoo, mambo yamekwisha.

Kwa nini basi wasiuze mtandaoni? Wanauza. Vinted, jukwaa la kuuza nguo zilizotumika lililoanzia Lithuania mwaka 2008, limeshachukua nguo nyingi zilizo nzuri. Lakini seti ya sahani, baiskeli ya mtoto au sanduku la vitabu ni mzigo mwingine: nauli ya posta inaweza kuipita bei ya bidhaa. Isitoshe, tangu 2023 majukwaa ya mtandaoni katika Umoja wa Ulaya yanatakiwa kuwaarifu maofisa wa kodi juu ya muuzaji aliyefikisha mauzo 30 au aliyevuka yuro 2,000 kwa mwaka. Kuripotiwa hakumaanishi kudaiwa, kwani Ujerumani haitozi kodi mtu anayeuza kiti alichokikalia miaka kumi. Ila barua ya serikali hakuna anayeifurahia, na bustani haipeleki ripoti kwa mtu.

Upande wa pili una malalamiko madogo na makubwa. Madogo ni magari kuziba njia, meza kuvamia njia ya waenda kwa miguu (ambayo ni mali ya umma na huhitaji kibali), na wafanyabiashara wanaofika kabla ya kila mtu, wakachota vyenye thamani ili wakaviuze kwa bei maradufu. Hawa wa mwisho siwaoni kuwa tatizo kubwa. Mwenye nyumba ana ulimi, akatae. Jumapili nayo ni kesi ya pekee: katiba inailinda kama siku ya mapumziko, kwa kifungu kilichorithiwa kutoka katiba ya Weimar ya 1919, na kila jimbo lina sheria zake. Ndiyo maana Jumamosi hupendwa.

Lalamiko kubwa halitajwi sana, nalo linahusu bustani yenyewe. Zaidi ya nusu ya wakazi wa Ujerumani ni wapangaji. Anayekaa ghorofa ya nne hana ua wake. Kipande cha nyasi kilicho mlangoni ni cha mwenye jengo au cha wakazi wote, na hawezi kutandika meza pale bila ruhusa. Kwa hiyo siku inayoitwa ya mtaa mzima huweza kugeuka siku ya wenye nyumba, huku wengine, ambao pengine ndio wanaozihitaji zaidi yuro hamsini za mauzo, wakibaki wateja tu. Mfumo wa nyua za München unapunguza kasoro hiyo pale mwenye jengo anapokubali, lakini akikataa, mpangaji hana pa kukata rufaa.

Kuna pia sifa ya kuokoa mazingira, ambayo naona hutiwa chumvi. Kigari cha mtoto kikihamia kwa jirani mjamzito, kingine kipya hakinunuliwi. Hiyo ni faida halisi. Lakini fulana ya yuro moja hununuliwa kwa sababu ni ya yuro moja. Na jioni, nguo zilizobaki mara nyingi huishia kwenye makasha ya kukusanyia nguo kuukuu. Kutoka hapo husafiri mbali, nyingine zikifungwa marobota yanayofunguliwa kwenye masoko ya Gikomba, Nairobi, au Karume, Dar es Salaam. Mfanyabiashara wa mitumba anayekuta robota limejaa vitambaa vilivyochakaa anapokea kilichokwisha kuchambuliwa mara kadhaa: kwanza mtandaoni, kisha bustanini, kisha kwenye maghala ya kupanga madaraja. Ukizihesabu hatua hizo, gulio la bustanini limehamisha mzigo zaidi kuliko lilivyoupunguza.

Hata hivyo ningelitetea, kwa sababu nyingine kabisa. Katika mitaa ambako majirani husalimiana kwa kichwa tu mwaka mzima, mzee anayeuza vifaa vya useremala hulazimika kueleza kila kimoja kinafanya kazi gani, na kijana wa jengo la pili humsikiliza. Programu ya simu haina nafasi hiyo. Lakini kama ujirani ndiyo hoja, waandaaji waanze na orodha ya wasio na bustani, na kila mwenye lango apokee meza mbili za wageni kabla jina lake halijaingia kwenye ramani. Wenye bustani wengi watanung'unika, hasa wakigundua kuwa mgeni naye ana sahani nzuri kuliko zao.