Malaki 2:16 isisomwe nusu

Mke amepigwa, amekimbilia kwa mchungaji, na jambo la kwanza analosomewa ni Malaki 2:16: Mungu anachukia kuachana. Anayeishia hapo ameikata aya katikati. Inaendelea kumtaja mtu aifunikizaye nguo yake kwa udhalimu, na aya mbili nyuma nabii ameshasema anamkemea nani: mume aliyemtenda kwa hiana mke wa ujana wake. Karipio kwa mume limegeuzwa fimbo ya kumrudishia mke kwa aliyempiga. Huo ni usomaji mbovu, hata ukifanywa kwa nia njema.

Kinachotuponza ni kuchanganya kutengana, talaka, na kuoa au kuolewa tena. Katika Kumbukumbu la Torati 24:1-4, mume anayemwacha mkewe anaandika hati ya talaka na kumpa mkononi. Kwa hati hiyo mwanamke aliweza kuolewa kwingine bila kuitwa mzinzi. Akishaolewa, yule wa kwanza hamrudii, hata wa pili akifa. Sheria haikuamuru watu waachane. Ilimbana mwanamume asimchezee mke, leo toka, kesho rudi.

Mafarisayo wa Mathayo 19:3 wanauliza kama mtu aweza kumwacha mkewe "kwa kila sababu". Ulikuwa ubishi wa siku zao: kati ya walimu wa sheria wa Kiyahudi, shule ya Hilleli ilikubali hata mke kuharibu chakula, ya Shamai ilidai jambo la aibu hasa. Yesu anawarudisha kwenye Mwanzo, anabakiza sababu moja, uasherati. Marko 10 haina hata hiyo, na makanisa yakagawanyika hapo. Kanisa Katoliki halivunji ndoa ya wabatizwa iliyokamilika kwa tendo la ndoa, ila huchunguza kama ilikuwa halali tangu siku ya kiapo. Waprotestanti wengi huruhusu talaka kwa uzinzi, au kwa kutelekezwa, wakiegemea 1 Wakorintho 7:15.

Kutengana ni habari nyingine. Paulo, katika sura hiyohiyo, 7:11, anasema mke aliyeachana na mumewe akae asiolewe, au apatane naye. Hasemi arudishwe usiku huohuo. Kanuni ya 1153 ya sheria za Kanisa Katoliki imenyooka zaidi: anayemhatarisha vibaya mwenzake au watoto, kimwili au kiroho, amempa mwenzake sababu halali ya kuondoka, na kama kuchelewa ni hatari, huondoka bila kusubiri amri ya askofu. Isomwe kwenye mafundisho ya ndoa, kabla ya harusi.

Kwa Tanzania, wazee wa kanisa wakumbuke kuwa chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971 talaka hutolewa na mahakama, na kwa kawaida shauri hupitia kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, linalothibitisha kwa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kikao kisichotambuliwa kama baraza hakitoi hati hiyo.

Kosa la kikao cha wazee huanza kwenye viti: mume na mke wanaketishwa pamoja siku ya kwanza, mume anaongea, mke anaitikia. Msikilizeni kila mmoja peke yake. Aliyeumizwa apelekwe polisi achukue PF3, fomu ya polisi ya kutibiwa majeraha, kisha hospitali, na aulizwe atalala wapi leo. Usuluhishi unaweza kungoja wiki ijayo.